Opali ya matabaka: igeuze ubavu kabla hujatoa hela

Kuna watu wanapenda opali, lile jiwe la vito lenye rangi zinazochezacheza, ila wakisikia bei ya opali nyeusi yenyewe, ile inayochimbwa Lightning Ridge kule Australia, wanairudisha kwenye boksi kimyakimya wanaaga. Siwacheki, na mimi ni mmoja wao. Halafu siku nyingine unakutana na hereni zina rangi zilezile, bluu, kijani, na kacheche kekundu kanakochungulia ukizitikisa, na bei yake hata robo ya robo haifiki, unaanza kujiuliza hapa kuna nini.

Kilichopo hapo mara nyingi ni opali ya matabaka. Na kabla hujasema feki, subiri kidogo. Feki ni plastiki kuuzwa kwa jina la opali. Hii ya matabaka ina opali ya kweli ndani, ila ni kipande chembamba kimegandishwa na gundi juu ya kitu kingine. Ukiuziwa kwa jina lake na kwa bei yake, hujaibiwa chochote, umepata rangi nzuri kwa hela kidogo. Wizi unaanza pale muuzaji anapokaa kimya ukadhani jiwe ni zima.

Sasa kuna aina mbili kubwa, na majina yake utayasikia sana kwa hiyo yashike. Dableti ni matabaka mawili, opali juu na mgongo mweusi chini. Tripleti ni matatu, mgongo chini, katikati opali nyembamba kama karatasi, na juu kabisa kuna kofia ya kitu kinachopitisha mwanga, kioo au kwatsi (jiwe gumu linalofanana na kioo) au plastiki. Ipo na ya tatu inaitwa mozaiki, vipande vidogovidogo vya opali vimepangwa pamoja kwenye mgongo mmoja, hiyo ukiiona mara moja huisahau kwa sababu mipaka ya vipande inaonekana kabisa kwa macho.

Kwa nini mtu ahangaike kugandisha? Kwanza opali nyingi ardhini inapatikana kwenye mishipa myembamba mno, haiwezi kusimama yenyewe kama jiwe. Pili ni suala la mwanga. Rangi za opali hazitoki kwenye dawa wala madini ya rangi, zinatoka kwenye viduara vidogo sana vya silika (kitu kilekile kinachounda mchanga na kioo) vilivyojipanga kwa mistari kama mayai kwenye trei, nanomita 150 mpaka 300 hivi kwa kila kimoja, mwanga ukipita katikati yake unapasuka unatoka kwa rangi (wanasayansi wa Australia ndio walikuja kulionyesha hilo kwa hadubini ya elektroni, 1964). Viduara vikiwa vidogo unapata bluu, vikiwa vikubwa unapata nyekundu, na vikubwa vilivyojipanga vizuri ni adimu ndio maana nyekundu ina bei. Sasa opali inayopitisha mwanga, ukiiweka kwenye kitu cheupe zile rangi zinapauka, ukiiweka juu ya kitu cheusi zinaruka. Opali nyeusi ya asili imezaliwa na huo weusi nyuma yake. Dableti imeongezewa na fundi. Ndio tofauti yenyewe hiyo, na ndio tofauti ya bei.

Haya, kununua.

Watu wengi wanakosea hapa: wanaangalia uso. Uso wa opali ya matabaka utakuwa mzuri siku zote, ndio kazi yake. Jiwe ligeuze ubavu. Lishike usawa wa jicho, washa tochi ya simu, angalia kwa pembeni kabisa mahali matabaka yanapokutana. Mimi napaita mshono. Ukiona mstari ulionyooka kama umechorwa na rula, juu rangi, chini nyeusi tupu, hapo pana gundi. Asili haipendi rula, kwenye jiwe zima mpaka kati ya rangi na weusi kwa kawaida unapanda na kushuka. Nimesema kwa kawaida, kwa sababu kuna mawe ya asili yenye mpaka ulionyooka pia, kwa hiyo usihukumu kwa mstari peke yake, geuza na mgongo uuangalie. Mgongo ulio bapa kabisa, mweusi rangi moja pande zote, umesuguliwa kama kaunta, ukijumlisha na mstari ulionyooka, basi jibu umeshapata.

Kwenye mshono huohuo angalia vitu vingine viwili. Povu, yaani vitone vya hewa vilivyobanwa ndani ya gundi, vinaonekana kama vidoti vya duara na ukiwa na lenzi ya sonara ya kukuza mara 10 huwezi kuvikosa. Na ukungu, ile weupe weupe au ukijivu unaoanzia ukingoni unaingia ndani. Povu moja dogo pembeni kwenye kitu cha bei rahisi sio mwisho wa dunia. Ukungu ukingoni ni mwisho wa dunia, maana yake maji yameshapata njia na hayatarudi yalikotoka, acha hapohapo hata akupunguzie nusu.

Tripleti unaijua bila hata kutoa lenzi ukishazoea. Ukiitazama kwa pembeni, ile sehemu ya juu unaona haina kitu, inapitisha mwanga kama tone la maji, na rangi zote zimelala chini yake. Kwa juu nayo inang'aa kioo kioo na imebinuka, rangi unaziona kama ziko ndani ya jicho la mdoli, opali nzima haikai hivyo. Dableti kwa kawaida juu ni bapa au imebinuka kidogo tu, na ukiigusa unagusa opali yenyewe.

Ipi bora? Ukiuliza kumi, tisa watasema dableti, kwa sababu ina opali nyingi zaidi na inafanana zaidi na jiwe zima, na ni kweli ndio maana bei yake iko katikati. Ila mimi nina ubishi kidogo. Opali ugumu wake ni 5.5 hadi 6.5 kwenye skeli ya Mohs (kipimo cha ugumu wa mawe, 1 hadi 10) na kwatsi ni 7, sasa vumbi la kawaida la nyumbani mara nyingi lina chembe za kwatsi ndani yake, maana yake kila ukiifuta dableti yenye vumbi unaichubua kidogo kidogo bila kujua. Tripleti yenye kofia ya kwatsi inavumilia zaidi juu. Kwa hiyo kama ni kitu cha kuvaa vaa, tripleti nzuri ya kofia ya kwatsi nitaichukua mbele ya dableti ya wastani, watu wanicheke tu. Tatizo ni kwamba nyingi sokoni kofia yake ni kioo, na nyingine plastiki. Plastiki ni rahisi kuijua, ni nyepesi mkononi na ukiigusisha mdomoni haina ule ubaridi wa jiwe, na ikishatumika kidogo inajaa mikwaruzo ya ovyo ovyo. Kioo na kwatsi kwa macho ni ngumu, kioo wakati mwingine kina povu ndani ya kofia yenyewe (sio kwenye mshono, ndani ya kofia), lakini kisipokuwa nalo huwezi kutofautisha, muulize muuzaji, asipojua hesabu ni kioo.

Mgongo nao una hadithi yake. Wapo wanaotumia opali isiyo na rangi zinazochezacheza, wapo wanaotumia jiwe jeusi, kioo cheusi, hata plastiki, na wengine wanatumia jiwe la kahawia lenye madini ya chuma. Hilo la mwisho liangalie kwa makini, kwa sababu kuna opali ya asili kutoka Queensland, kulekule Australia, inaitwa opali ya bolda, ambayo imezaliwa imeshikana na jiwe hilohilo la kahawia nyuma. Ile ni jiwe zima, haina gundi, na bei yake ni nyingine kabisa. Sasa mtu anachukua kipande cha opali anakigandisha kwenye jiwe la kahawia, kwa juu na kwa nyuma vinafanana, mshono ndio unaomuumbua, wa bolda unapinda pinda na opali imezama kwenye vijishimo vya jiwe, wa kugandishwa umenyooka.

Na sasa swali linalosumbua: je hiyo opali ya ndani ni ya ardhini? Sio lazima. Opali inatengenezwa maabara tangu miaka ya 1970, na kuna dableti na tripleti zilizojengwa kwa opali ya maabara. Ukikuza kwa lenzi, ya maabara rangi zake zimepangwa kupita kiasi, vijipande vinabanana kama magamba ya mjusi au waya wa banda la kuku, na ukiitazama ubavuni rangi zinasimama kama nguzo nguzo. Ya ardhini haina nidhamu hiyo. Mimi sina ugomvi na ya maabara ila iuzwe kwa jina la maabara. Kuna na kitu kinaitwa opalaiti, hicho ni kioo tu, kina umaziwa wenye ubluu na ukikiinua kwenye mwanga kinageuka njano ya machungwa hivi, hakina hata rangi moja inayochezacheza. Ukisikia jina hilo linatamkwa haraka haraka kana kwamba ni opali, cheka uondoke.

Kuna ushauri unazunguka eti tumbukiza jiwe kwenye maji uone kama ni la kweli. Tafadhali usifanye, hasa kwa hizi za matabaka. Kuna opali za Ethiopia, zile za Welo zilizojaa sokoni baada ya 2008, nyingi zinanyonya maji zinakuwa kama kioo halafu zikikauka zinarudi. Ukipeleka akili hiyo kwenye dableti umeiua mwenyewe ukidhani unaipima.

Kuhusu rangi sina mengi, macho yako ndio yatavaa. Ila zungusha jiwe mkononi taratibu, kushoto kulia, juu chini. Opali nyingine inawaka ukiishika kwa pembe moja tu, ukiigeuza kidogo inazima kama taa iliyokatwa umeme, hiyo kwenye kidani itakuwa imezima muda mwingi maana kidani hukishiki wewe, kinaning'inia kinavyotaka. Isogeze mbali na taa za dukani pia, zile taa kali zimewekwa makusudi. Ikiwaka kwenye kivuli karibu na dirisha, hiyo ni opali ya kuvaa. Na usikubali kulipishwa kwa karati. Karati ni uzito, na uzito wa tripleti mwingi ni kioo na gundi na mgongo, sasa unalipia nini? Opali za matabaka zinahesabika kwa kipande, kwa ukubwa wa milimita na uzuri wa rangi, basi.

Ukinunua mtandaoni mambo ni magumu kidogo kwa sababu ubavu huuoni. Omba video, sio picha, na iwe kwenye mwanga wa kawaida wa ndani. Omba aonyeshe ubavu na mgongo. Kisha uliza kwa maandishi, moja moja usimchanganye: ni dableti, tripleti au jiwe zima? Opali ni ya ardhini au maabara? Mgongo ni wa nini? Kofia je, kama ipo? Anayejua mzigo wake anajibu kwa mistari minne. Anayekujibu "dear ni original kabisa" mara tatu mfululizo, umeshajibiwa. Na ukiona maelezo yanasema opali halisi, halafu bei ni ya kutupa, halafu mgongo umefunikwa na chuma haufunguki, huyo anataka kukuuzia mbuzi kwenye gunia.

Hapo pana mtihani lakini. Kwa usalama wa jiwe, umbo zuri ni lile ambalo chuma kinazunguka ukingo wote na kuufunika, kwa sababu ukingo ndio mlango wa maji na ndio unaogongwa. Zile kucha nne za kushikilia jiwe zinaacha mshono uchi na zinabana sehemu ndogo ndogo mpaka opali inaweza kupasuka. Kwa hiyo umbo linaloitunza opali ya matabaka ndilo hilohilo linalokuficha ubavu usiuone. Nimefikiria hili miaka, suluhisho langu ni moja la kizamani: nisipoona ubavu nahesabu ni tripleti ya kioo, na nalipa bei ya tripleti ya kioo, akitaka zaidi anionyeshe. Mara mbili nimewahi kukosea, jiwe likawa bora kuliko nilivyodhani, sikulalamika.

Halafu fikiria inakaa wapi mwilini. Hereni, kidani, bruchi, hivyo ndio vyake, havigongwi na havioshwi. Pete ni kesi, mikono tunanawa mara ngapi kwa siku, bado sanitaiza, sabuni ya vyombo, mlango wa gari. Pete ya tripleti ya kuvaa kwenye shughuli ukirudi unaivua, sawa. Pete ya kila siku, hapana, na bangili ndio kabisa usijaribu. Najua kuna mtu anasoma hapa ameipenda pete, na atainunua, basi achague iliyokaa chini ndani ya chuma, isiyochomoza juu ya kidole.

Chuma chenyewe usikidharau eti kwa sababu jiwe ni la bei nafuu. Madini ya fedha yenye muhuri wa 925 (yaani asilimia 92.5 ni fedha tupu) inatosha na inarekebishika. Ya kuchovya dhahabu ikichubuka baada ya mwaka utakuwa na opali nzuri kwenye kitu kinachoacha rangi shingoni, na kuhamishia jiwe kwenye chuma kingine ni kazi, gundi haipendi moto. Hili mwambie sonara yeyote utakayempelekea, mwambie kabla hajashika chochote: hii ni ya matabaka, itoe jiwe kwanza kabla hujawasha moto. Asikuoshee kwenye ile mashine ya mtetemo wala kwa mvuke. Masonara wengi wanajua ila siku zote kuna yule wa haraka.

Mimi niliharibu ya kwanza kwa uzembe tu. Ilikuwa kidani cha tripleti, kijani na bluu, nikakipenda mpaka nikawa sikivui, nalala nacho, naoga nacho. Aliyeniuzia hakuniambia kitu kuhusu maji, na mimi sikuuliza. Miezi kama saba hivi nikaona ukingoni kuna kitu kama mvuke, nikafuta, hakitoki, nikafuta na pamba, hakitoki, kumbe kiko ndani. Mwezi uliofuata nusu ya jiwe imekuwa kama jicho la mtu mwenye mtoto wa jicho. Nikakaa nacho hivyo hivyo kwa sababu kutupa niliona uchungu.

Kwa hiyo maji ya kuoga, bwawa, bahari, vua. Kunawa kwa bahati mbaya mara moja haitakufa, kinachoua ni kuloweka na kurudia. Pafyumu na losheni vitangulie, vikauke, ndio uvae. Dawa ya kutolea rangi ya kucha usiisogeze hata karibu, asitoni iliyomo inalainisha gundi. Kusafisha ni kitambaa laini chenye unyevu kidogo, unafuta, unakausha na kingine. Usiiache kwenye dashibodi ya gari juani. Na kama uliwahi kusikia opali inatunzwa kwenye maji au mafuta ili isikauke, sahau kwa hizi, mafuta nayo yanaingia kwenye mshono, iweke kwenye kitambaa ndani ya boksi peke yake mbali na vitu vyenye mawe magumu.

Ukitunza hivyo inaweza kukaa nawe miaka mingi sana, ingawa gundi nyingine zinageuka njano njano zikizeeka hata usipozikosea. Ndio maana kabla ya kununua mimi napima na ukubwa. Tripleti nyingi zinakatwa kwa vipimo vya kawaida, milimita 8 kwa 6, 10 kwa 8, 14 kwa 10, sasa ukichagua kitu chenye kipimo kama hicho, jiwe likifa unanunua lingine peke yake fundi analipachika palepale. Dableti mara nyingi zina umbo lake lenyewe, kipande kilivyotoka ndivyo kilivyokatwa, ikiharibika kupata pacha wake utahangaika.

Kile kidani changu kilikuwa 10 kwa 8. Nilikaa nacho kimekufa karibu mwaka ndio nikaja kushtuka kupima, nikaagiza tripleti nyingine, safari hii nikaulizia kofia, kwatsi, nikampa fundi. Kijani yake imezidi ya kwanza. Na kila jioni nakivua nakining'iniza kwenye msumari nje ya mlango wa bafu.